Eti "Wimbo wa Asili"? Asili ya Nani?

Chini ya video niliandika mstari mmoja tu: "Jambo Bwana, wimbo wetu wa asili wa pwani."

Video yenyewe fupi. Jioni hapa Galu, maji yamekupwa, ngalawa mbili zimelala ubavu kwenye mchanga, na kutoka hoteli moja ya ufuoni bendi ya lobi inapiga ule wimbo ambao kila aliyewahi kukanyaga Diani anaujua. Niliinua simu nikarekodi anga, sauti ikaingia yenyewe. Nikaposti, nikalala. Asubuhi nakuta imetazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kukesha nikihariri.

Furaha haikufika saa nne. Mjomba akapiga simu.

Mjomba wangu ni mwanamuziki wa hoteli. Amewapigia watalii gitaa tangu sijazaliwa, kuanzia huku Diani mpaka kule ng'ambo ya feri. Na kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kumpuuza, akiuliza unajibu. Siku hiyo salamu zilikuwa fupi sana.

"Umeandika wimbo wa asili. Asili ya nani?"

"Mjomba, si ni wimbo wa kitambo? Kila mtu anauimba."

"Kila mtu anauimba, sawa. Aliutunga nani?"

Nikanyamaza. Mimi ndo yule wa kuwaambia nyinyi kila wiki historia ya pwani yetu, na hapo sina jibu kuhusu wimbo ninaousikia karibu kila siku ya maisha yangu. Mjomba akacheka kidogo, kile kicheko cha huruma. "Mtunzi wake amekufa juzi tu, mpwa wangu. Nenda ukasome kwanza, halafu ndo uandike."

Nikaenda nikasoma. Hii posti ndo adhabu yangu.

Mtunzi anaitwa Teddy Kalanda Harrison. Yeye na ndugu zake, wakiwemo Billy Sarro na John Katana, walikuwa na bendi Mombasa iliyoitwa Them Mushrooms. Jina hilo walianza kulitumia 1972, na miaka mingi baadaye wakajiita kwa Kiswahili, Uyoga. Kalanda, Sarro, Katana. Hayo ni majina ya Kimijikenda, majina ya mtu ambaye ungeweza kukaa naye dawati moja. Yaani mtunzi hakutoka mbali wala hakuishi zama za mababu. Alikuwa kijana wa pwani mwenye gitaa na njaa ya kufanikiwa, kama wewe na mimi na simu zetu.

Wakati huo pesa ya muziki pwani ilikuwa hotelini. Miaka ya 1970 watalii walikuwa wanamiminika kutoka Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Italia, na kila hoteli ilitaka bendi ya jioni. Ukiwa mwanamuziki unapiga anachotaka mgeni: kalipso kidogo, rumba kidogo, nyimbo za Kizungu anazozijua kutoka kwao. Them Mushrooms walikuwa kwenye kazi hiyo hiyo. Teddy alikuwa akiwaona wageni wanavyohangaika na vineno vyao vichache vya Kiswahili, kusalimia, kuuliza hali, kushukuru. Akavichukua vineno hivyo, akavipanga vikapangika, akavitilia sauti ambayo ukiisikia mara moja huiachi tena.

Wimbo ukatoka kwenye santuri mwaka 1982 kupitia kampuni ya PolyGram. Ukauza nakala zaidi ya 200,000.

Ebu simama hapo kwenye hiyo namba. Wewe na mimi tunahesabu watazamaji, mtu amepita kwa sekunde tatu tunamhesabu. Hizo zilikuwa santuri. Mtu alitoa pesa mfukoni, akabeba kitu mkononi, akaenda nacho nyumbani. Mara laki mbili.

Mwaka uliofuata, 1983, Boney M, kundi lililokuwa likitengenezwa Ujerumani na lililotamba dunia nzima, likatoa toleo lake. Hapa nyumbani wakaurekodi Mombasa Roots, wakaurekodi Safari Sound Band, na wengine wengi baada yao. Kila aliyeupokea aligeuza kidogo, beti moja huku, neno moja kule. Na jina nalo likaanza kubadilika. Santuri hii imeandikwa "Jambo Bwana", kanda ile "Jambo Jambo", nyingine "Hakuna Matata". Wimbo ukibadilishwa jina ni kama mtoto aliyehamishwa shule bila barua. Walimu wapya wanampenda, wanamfundisha vizuri, lakini ukiwauliza wazazi wake ni kina nani wanatazamana tu.

Halafu ikafika 1994 na filamu ya The Lion King. Ndani yake mna wimbo mwingine kabisa, sauti nyingine, maneno mengine, ulioandikwa na Elton John na Tim Rice, lakini umebeba jina la "Hakuna Matata". Kuanzia hapo ukisema maneno hayo popote duniani, mtu anakuonyesha nguruwe wa katuni. Mwaka huo huo kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno hayo mawili Marekani kama alama yake ya biashara kwenye nguo, na usajili ukapita 2003. Wengi wetu huku tulikuja kushtuka mwishoni mwa 2018, pale Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, alipoanzisha ombi mtandaoni la kupinga. Nakumbuka zile kelele. Nilikuwa bado shule na mimi pia nilipiga kelele, ati wametuibia lugha.

Sasa fikiria. Wenzetu walikuta maneno mawili yanayosemwa na watu mitaani, wakakimbia kuyaandikia jina lao. Mimi nilikuta wimbo mzima wenye mtunzi, mwaka na kampuni iliyoutoa, nikalifuta jina lake kwa kapsheni ya mstari mmoja. Na nilifuta nikijiona naisifu pwani yangu.

Najua wengine mko tayari kunijibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimjibu mjomba hivyo hivyo. Nilimwambia, mjomba, mle ndani ni salamu tu. Unamsalimia mtu, unamuuliza hali, unamkaribisha mgeni, unamwambia asijali. Mtu anawezaje kumiliki salamu?

Mjomba akaniuliza, "Wewe ukimpita mzee hapa Galu unamwambia 'jambo bwana'?"

Simwambii. Nikithubutu atadhani nimepatwa na jua. Mzee ni shikamoo, au salaam aleikum, au unamwamkia kwa Kidigo mkaulizana habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Na Kiswahili chenyewe ni hujambo, unajibu sijambo. "Jambo" tupu tunawapa wageni, kwa sababu hiyo ndo wanaweza kuibeba. Hata "hakuna matata", sikiliza vizuri watu wa Ukunda wanavyoongea. Utasikia hakuna shida, hakuna taabu, usijali. "Matata" utaisikia ukikaribia lobi.

Kwa hiyo salamu za kwenye wimbo huu zilizaliwa pale kwenye kaunta, kati ya mhudumu na mgeni, kati ya anayeuza na anayenunua. Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua, na ndilo lililonifanya niandike marefu hivi. Ukiniuliza asili ya huu wimbo ni wapi, nitakwambia ni hotelini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jioni, kazini.

Na hiyo ni historia yetu, tena kubwa. Nusu ya watu ninaowafahamu hapa wamesomeshwa na hoteli. Mamangu amekunja shuka za vyumba miaka kumi na moja. Ukitoka Galu asubuhi na mapema unakutana na watu wa zamu wakiwahi, wapishi, walinzi, watu wa bustani, mabichi boi na vinyago vyao. Kila mmoja wao amefundishwa, kwa maneno ama kwa macho ya meneja, kwamba tabasamu ni sehemu ya sare. Mjomba aliniambia kuna siku alitoka mazikoni alasiri, akaoga, akavaa shati la maua, na kabla ya saa tatu usiku alikuwa ameupiga ule wimbo mara tatu. "Mgeni hajui umezika," akasema. "Na hakuja kujua hilo."

Tukiuita wimbo wa asili, tunasema kwamba tumezaliwa hivi, kwamba pwani ni watu wa kucheka na kukaribisha tangu Adamu. Ile kazi yote inapotea. Teddy anapotea, na mjomba na shati lake la maua anapotea pamoja naye. Kinachobaki ni machweo na ngalawa, kama kwenye video yangu.

Kuhusu salamu kuwa za wote, ni kweli, ni za wote. Mawe ya matumbawe pia yako kila mahali hapa Galu, chimba tu utayakuta. Lakini nyumba iliyojengwa kwa mawe hayo ina fundi aliyeijenga. Hakuna anayesimama mbele ya nyumba ya mtu akasema hii ni ya asili kwa vile mawe yake ni ya hapa hapa.

Na msidhani haya ni mambo ya heshima tu. Yana pesa ndani, na pesa hiyo ikikosa jina haijui iende wapi.

Tazama Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu, alirekodi wimbo wake "Mbube" katika studio za Gallo, Johannesburg. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Miaka ya 1950 kundi la Marekani, The Weavers, likaupiga kwa jina la "Wimoweh", na kwenye santuri mtunzi akaandikwa Paul Campbell. Huyo Campbell hakuwa mtu, lilikuwa jina la kificho walilotumia wanakundi wenyewe kwa nyimbo walizoziona za kienyeji, zisizo na mwenyewe. Mwaka 1961 The Tokens wakaugeuza kuwa "The Lion Sleeps Tonight", dunia nzima ikaimba. Linda alikufa maskini mwaka uliofuata, 1962. Familia yake ilikuja kufikia mapatano ya malipo mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani, wakati yeye yuko kaburini miaka 44. Na hiyo kesi ilihusu matumizi ya wimbo wake ndani ya filamu gani? The Lion King. Ile ile.

Watu walioandika "Paul Campbell" hawakuwa majambazi. Walikuwa wapenzi wa muziki wa Afrika. Waliusikia wimbo mzuri wa watu wa mbali, wakadhani umeota wenyewe kama uyoga. Hapo nilijiona mimi mwenyewe, tena mimi sina hata kisingizio cha umbali. Teddy alikuwa ng'ambo ya feri.

Karibu zaidi na nyumbani kuna "Malaika". Mnaujua, hakuna harusi inayokosa. Fadhili William, mtu wa Taita, ndiye aliyeurekodi na kuandikwa mtunzi, kisha Miriam Makeba akaupeleka duniani. Lakini Adam Salim naye alisimulia kwamba aliutunga yeye, mwaka 1945 akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda akamkosa kwa sababu ya mahari. Wote wawili sasa ni marehemu na ubishi bado uko hai. Ule ni wimbo wenye baba wawili. Wa Teddy una mmoja, anajulikana, na bado tunamwandika "asili". Hiyo ndo iliniuma zaidi.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya iko wazi. Wimbo unalindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Teddy Kalanda Harrison alifariki Septemba 2024. Piga hesabu. "Jambo Bwana" ni mali yenye mwenyewe mpaka mwisho wa 2074. Mimi nitakuwa nimevuka miaka 70, natembea na mkongojo kwenye huu mchanga kama utakuwa bado haujamezwa na bahari, na wimbo ndo kwanza unatoka mikononi mwa warithi. Hoteli ama baa inayopiga muziki hadharani inatakiwa kuwa na leseni, na ile leseni maana yake ni kwamba kuna mtu upande wa pili anayepaswa kulipwa. Sasa kama hata sisi wa hapa tunaamini wimbo hauna mwenyewe, nani atauliza?

Nikadhani basi hapo nimemaliza. Nimejifunza, nitarekebisha kapsheni, maisha yaendelee. Lakini mjomba alikuwa na swali la pili, na la pili ndo lilikuwa baya.

Mtakumbuka ile klipu yangu ya wavuvi. Wanaume kumi hivi wanapandisha mashua kwenye mchanga juu ya magogo, mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia na kusukuma kwa pamoja. Sekunde 22. Kuna ukurasa mmoja wa nje, mkubwa, sitautaja, uliichukua, ukakata jina langu pembeni, ukaandika kwamba hiyo ni sauti ya Afrika. Afrika nzima! Galu haimo, Kwale haimo, Kenya haimo, mimi simo. Niliwaandikia mara nne bila kujibiwa. Wiki nzima nilikuwa nikimlalamikia mjomba, na yeye alinisikiliza wiki nzima bila kunikatiza. Sasa akasema:

"Wale wavuvi kwenye video yako, uliwaandika kina nani?"

Nikafungua posti yangu ya mwanzo. Nilikuwa nimeandika "wazee wa kazi", halafu nikaweka mawimbi matatu na moyo.

Sikuwa na la kusema, haki.

Nilijaribu kujitetea kwamba ule wa wavuvi sasa ndo wa asili kweli, hauna mtunzi. Mjomba akaniambia niende Kinondo nikatembee kidogo akili ipoe. Kwa wasiojua, Kaya Kinondo ni msitu wetu mtakatifu, uko hapa chini tu ukitoka Galu kwenda kusini, na ni mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusema kaya ni yake. Lakini jaribu kuingia kienyeji uone. Kuna wazee. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, utaambiwa njia ya kupita na mambo ya kutofanya ndani, na utatii. Kitu cha asili kina wenyewe wengi, na wenyewe wengi wanastahili kuombwa kuliko mmoja, maana kuna watu zaidi wa kuwakosea. Hata katiba yetu ya 2010 inalijua hilo. Kifungu cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe pale utamaduni na urithi wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapita sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Kumbe hata kama "Jambo Bwana" ungekuwa wa asili kama nilivyoandika, bado haingekuwa ruhusa ya kuuchukua bila kusema neno. Mimi nilitumia hilo neno kana kwamba ni tangazo la bure.

Basi Ijumaa baada ya swala nikawafuata wavuvi. Nikanunua chai na mahamri, nikakaa nao chini ya mkwaju, nikawauliza: ule wimbo wa kupandishia mashua umetoka wapi?

Sijawahi kuona swali likiwafurahisha watu vile. Kiongozi wao akasema aliupata kwa babake. Mwingine akasema hapana, ule waliuleta Wapemba waliokuwa wakija huku kuvua msimu wa kaskazi, na akaimba mstari mmoja kwa matamshi ya Kipemba kuthibitisha. Wa tatu akakataa katakata, akasema Wapemba ndo waliuchukua huku wakaupeleka kwao. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimewasha simu, nimerekodi dakika 40, safari hii kwa ruhusa.

Halafu likatokea lile ambalo sikulitegemea. Kuna beti moja ya kumcheka nahodha mvivu, ile ambayo kwenye klipu yangu inawafanya wote wacheke. Hiyo, wakasema wote kwa pamoja bila ubishi, haikutoka kwa Wapemba wala kwa mababu. Ilitungwa na mzee mmoja wa hapa hapa Galu, sasa ni marehemu, siku nahodha wake alipolala mpaka maji yakawapita. Nyumba yake naijua. Nimesoma na mjukuu wake.

Jina lake siliandiki hapa leo kwa sababu sijaomba ruhusa kwa familia yake. Nitaomba. Lakini mmeelewa maana yake? Ndani ya wimbo ambao mimi, na ule ukurasa wa nje, tuliuona hauna mtu, mlikuwa na mtu. Beti yake moja imeishi kumzidi, inasukuma mashua mpaka leo, na jina lake lilikuwa limebaki kwenye vichwa vya wazee kumi wanaokunywa chai. Wazee hao wakiondoka, beti inakuwa "ya asili". Nadhani vitu vingi tunavyoviita hivyo vilikuwa na mtu wake. Hatukuuliza mapema.

Sisi wenye simu tuna nafasi ambayo aliyeandika "Paul Campbell" kwenye santuri hakuwa nayo. Yeye alikuwa ng'ambo ya bahari. Sisi tunaweza kuvuka barabara tukauliza. Hakuna haja ya shahada wala ya vifaa. Uliza nani anaongoza, nani alimfundisha, uliusikia wapi mara ya kwanza, nani aliongeza hii beti. Ukipata jina, andika. Ukikosa jina, andika mahali, kazi wanayoifanya na watu walioimba siku hiyo. Na ukirekodi mtu, mwambie inaenda wapi. Hii ni adabu ya kawaida, tulifundishwa hatukuli kwa mtu bila kushukuru. Sijui kwa nini tukishika simu inatutoka.

Ile klipu ya wavuvi nimeishusha kwa sasa. Itarudi wakishakubaliana waandikweje, na kwa jinsi nilivyowaona wakibishana inaweza kuchukua hadi Ramadhani.

Kapsheni ya ile video nyingine nimeibadilisha jana usiku. Sasa inasema: "Jambo Bwana. Mtunzi: Teddy Kalanda Harrison. Ulitolewa kwanza na Them Mushrooms wa Mombasa, 1982. Hapa unapigwa na bendi ya lobi, Galu, jioni." Nikamtumia mjomba picha yake, nikisubiri sifa zangu.

Akajibu baada ya saa nzima, nadhani alikuwa jukwaani. "Vizuri. Na hao wa bendi ya lobi hawana majina?"

Kwa hiyo leo jioni niko hapo getini tena, nangoja wamalize zamu. Na wewe kabla hujapita, niandikie hapo chini: kwenu kuna wimbo gani mnaouita wa asili, na mkubwa gani nyumbani ungeweza kumuuliza leo ulitoka wapi? Muulize kwanza, halafu ndo uniandikie.